Pipa la Mama Mulwa

Kama umejifungulia hospitali yetu miaka hii ya karibuni, unamjua Mama Mulwa hata kama hulijui jina lake. Ni yule mama mfupi wa aproni ya kijani, anayeshinda na mitungi miwili ya maji mikononi, akipita anakuamuru utoe miguu njiani. Jina lake ni Kathini, mwenyeji wa Zombe, na kazi yake ni usafi katika wodi ya watoto wachanga. Mimi ni Nzilani, muuguzi mkuu wa wodi hiyo, au nasi kama mnavyotuita. Hospitali yenyewe sitaitaja. Iko upande wa Kitui, na hiyo inatosha.

Naandika habari zake kwa sababu nimechoka kuzisikia zikisimuliwa vibaya. Kuna wanaosema Mama Mulwa aliua watoto. Kuna wanaosema yeye ni malaika aliyetumwa. Hao wote ni domo tu, hawakuwa pale. Mimi nilikuwa pale tangu mwanzo mpaka mwisho, na kuna mahali katika habari hii ambapo hata mimi sionekani vizuri.

Kwanza maji. Sisi hapa maji ya mfereji huja siku mbili kwa wiki, na kuna wiki zinapita hata tone hatujaliona. Mama Mulwa alikua akiamka kwenda mtoni kufukua mchanga, anachimba mpaka shimo linamfika kiunoni, kisha anangoja maji yajikusanye ayachote kwa kikombe. Akiwa na miaka saba nyanya yake alimchapa kwa kumwaga maji ya kusuuzia vyombo ambayo mbuzi wangekunywa. Alinisimulia hayo akicheka mpaka akashika mbavu. Lakini fimbo ile haikumtoka. Mpaka leo ukimwaga maji mbele yake anakutazama kama umemtukania mchungaji.

Alipoletwa wodini kwetu, miaka minne iliyopita, alikuta pipa la buluu mlangoni, la lita mia moja, lenye mfereji mdogo upande wa chini. Hapo ndipo kila mtu hunawa kabla ya kugusa mtoto: daktari, nasi, mama, hata mchungaji akija kuombea. Wakati huo pipa lilikuwa likikauka kila baada ya siku mbili, na sisi tunahangaika na chupa za maji kutoka nyumbani. Mama Mulwa aliliinamia, akaligonga, likalia tupu. Akasema, "Aka! Hili halitakauka tena nikiwa hai."

Na kweli halikukauka. Kila asubuhi anaongeza mitungi miwili, jioni anaongeza mmoja. Yakishuka chini ya nusu humwoni, ameenda kuyatafuta, na harudi bila. Kiangazi kile kibaya, wakati wodi ya upasuaji ilikuwa inaahirisha watu kwa kukosa maji, sisi tulinawa. Miaka mitatu pipa lile halikuwahi kuwa tupu hata siku moja.

Nilimsifu. Niliandika barua kwa mkono wangu, Desemba akapewa cheti cha mfanyakazi bora na thamosi nyekundu, akalia mbele ya watu wote. Cheti tulikitundika ukutani, juu ya pipa.

Sasa tuje kwa watoto. Watu hudhani wodi kama yetu ni mahali pa muujiza au pa mauaji. Si hivi wala vile. Kuna mtoto anayeletwa akiwa amechelewa kulia, kwa sababu mama yake alicheleweshwa nyumbani, au njiani, au hapa hapa kwetu akingoja chumba cha upasuaji. Kuna aliyekuja kabla ya wakati, mapafu bado hayajakomaa. Hao unawaona wanakuja, unajipanga, wengine unawaokoa na wengine unawapoteza, unaenda chooni unalia, unaosha uso, unarudi. Lakini kuna mtoto aliyekuwa anaendelea vizuri, ananyonya, anaongeza uzito, na siku moja anakataa ziwa. Tumbo linavimba. Mwili unakuwa baridi. Kesho hayupo. Huyo hakuja na ugonjwa wake. Ameupata kwetu.

Mwezi wa tisa mwaka jana tulipoteza wanne wa namna hiyo ndani ya siku tisa. Wanne! Hawakuwa hata na majina. Kwenye kitabu cha wodi mtoto ni "mtoto wa fulani" mpaka aende nyumbani, na hao hawakwenda. Kwa wote wanne Daktari Nyamai, ambaye ndiye mkubwa wa hospitali, aliandika kwamba sababu ya kifo ni kuzaliwa kabla ya wakati. Nilimfuata ofisini.

"Daktari, wawili kati ya hao walikuwa wamefika kilo mbili."

"Sista Nzilani, watoto wachanga hufa. Unajua hivyo kuliko mimi."

"Najua wanavyokufa. Hawa hawakufa hivyo."

Akanitazama kwa ule upole wa mtu anayengoja utoke. Nilitoka, na mlango niliubamiza, haki ya Mungu, mpaka karani akaruka kitini.

Katika wodi alikuwa amebaki mtoto mmoja niliyemwogopea kuliko wote. Mama yake, Kaluki, anauza nyanya na mboga sokoni Kabati. Alikuwa amewazika wawili kabla ya huyu, mmoja hakulia kabisa na mwingine aliishi siku moja. Huyu wa tatu alikuja mapema, msichana wa kilo moja na nusu, na Kaluki alimfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana, akilala ameketi. Mtoto aliendelea vizuri. Siku ya nane alikuwa anavuta ziwa mpaka unasikia.

Mama Mulwa ndiye aliyemtunza Kaluki. Alimletea uji katika ile thamosi yake nyekundu, akamfundisha namna ya kuketi ili mgongo usimuume, akamkaripia alipolia. Kila asubuhi akimaliza kupiga deki husimama hatua tatu kutoka kwake, mikono nyuma, akimchungulia mtoto. Hakuwahi kumgusa. Watu wa usafi hawagusi watoto, na kwake sheria ni sheria.

"Huyu akitoka hapa ataitwa Kathini," Kaluki alimwambia siku moja. "Nimeshaongea na baba yake."

"Wacha maneno, wewe. Mpe maziwa," Mama Mulwa akasema. Lakini siku hiyo alipiga deki huku anaimba.

Siku ya kumi, mtoto wa Kaluki alikataa ziwa.

Kaluki hakupiga kelele. Aliniita tu kwa kidole. Nilimgusa mtoto tumboni, nikahisi pale pale ninachokijua. Miguu ilikuwa baridi. Niliweka dripu, tukaanza dawa za kwanza, zile zile ambazo wale wanne walipewa wakafa nazo. Kaluki akaniuliza, "Sista, ni kama wale?"

Nilikwenda maabara.

Maabara kuna msichana anaitwa Hani Mowlid, wa kutoka Garissa, ambaye tangu aje huku nilikuwa sijamsikia akisema sentensi tatu mfululizo. Nilimwambia sitoki pale mpaka anisaidie. Alinisikiliza, akachukua sanduku lake la vijiti vya pamba, akaja. Alitoa damu ya mtoto. Kisha akapitisha pamba kila mahali: mashine ya joto, mpira wa kunyonya makamasi, mirija ya oksijeni, mizani, meza ya dawa, vitasa vya mlango. Mikono yangu pia, kucha hadi kifundo. Mwisho akainama kwenye pipa, akaingiza kijiti ndani ya mdomo wa mfereji.

"We msichana!" Mama Mulwa akaja mbio na ufagio. "Pipa langu limekosa nini?"

"Samahani mama," Hani akasema. "Hata sista nimemchukua."

"Sista umchukue, ni mtu. Hayo maji yangu ni safi, nimeyabeba mwenyewe."

Hani akaniambia vijidudu lazima vikue kwenye sahani ndipo avione, halafu avijaribu kwa dawa moja moja ajue ipi inaviweza. Siku tatu. Nikamuuliza kama haiwezekani mbili. Akasema, "Sista, mimi siwezi kuviharakisha."

Nitakuambia siku hizo zilivyokuwa. Siku ya kwanza tumbo la mtoto lilikaza. Siku ya pili akaanza kusahau kupumua. Anatulia, unahesabu moja, mbili, tatu, nne, unampiga kidole chini ya wayo, anashtuka, anavuta pumzi. Tulipokezana kukaa naye, mimi na manasi wenzangu, kidole kikiwa tayari. Kaluki alisimama pembeni akishika ukuta. Alikuwa amekamua maziwa kwenye kikombe kidogo na anakishikilia tu, hakuna wa kumpa.

Na Mama Mulwa? Alikuwa na hofu kuliko sisi sote, na hofu yake aliifanyia kazi kwa namna anayoijua. Alisimama mlangoni kama askari. "Naweni! Wewe, umenawa? Nawa tena. Nawa mpaka kwenye kiwiko." Aliyenawa mara moja alirudishwa anawe mara ya pili. Pipa aliliongeza mara tatu kwa siku, likawa limejaa mpaka juu. Nilimshukuru. Nilimwambia, "Asante Mama Mulwa, angalau wewe unaelewa." Na mimi nilikuwa natoka kunawa pale, namgusa yule mtoto, narudi kunawa tena, namgusa tena.

Siku ya tatu, saa tano asubuhi, Hani alikuja akikimbia. Hani hakimbii. Alinivuta kwenye chumba cha dawa, akafunga mlango.

"Kilicho kwenye damu ya mtoto nimekipata mahali pamoja tu."

"Wapi?"

"Kwenye pipa. Kimejaa, sista. Na kwenye mikono yako kidogo."

Nilikaa juu ya katoni ya glavu. Akaendelea kuongea, nadhani siku hiyo alitumia maneno yake ya mwaka mzima. Akasema hizi dawa tunazompa mtoto ni bure, kijidudu hakizijali. Kuna moja tu inayokiweza, akaniandikia jina lake kwenye kiganja. Kisha akauliza, "Pipa huwa mnalimwaga lini?"

Kumwaga? Tunaongeza. Maji ya leo juu ya ya jana, ya jana juu ya ya juzi, miaka mitatu, chini kabisa kuna maji ambayo hayajawahi kutoka tangu siku ile alipoligonga likalia tupu. Nani Ukambani anamwaga maji yaliyobaki? Mimi nimesoma, nina vyeti viwili vya uuguzi, nimehudhuria semina za usafi wa mikono nikala chakula cha hoteli, na hata mara moja sikuuliza swali hilo. Nilikuwa nafurahi tu kwamba kuna maji.

Dawa haikuwa stoo. Haikuwa katika duka lolote la dawa mjini. Nilipiga simu kila hospitali ninayojua mtu, na saa sita kasoro nikaipata Makueni, kwa nasi niliyesoma naye, chupa nne. Ndolo, dereva wa ambulensi, alikuwa anakula chapati. Niliichukua sahani yake mezani nikamwambia, "Utamaliza ukirudi." Alinitazama usoni, akachukua funguo.

Kisha nilichukua plasta pana nikaufunga mfereji wa pipa. Nilipogeuka Mama Mulwa alikuwa nyuma yangu na mitungi yake miwili.

"Sista, mbona unafunga?"

Nimewapa watu habari za vifo miaka kumi na tisa. Hii ilinishinda. Nilisema tu, "Mama Mulwa, ni maji."

"Maji yamefanya nini?"

"Ugonjwa uko humo. Hatujawahi kulimwaga. Yamelala humo mpaka yakaoza, na sisi tunanawia."

Aliiweka mitungi chini polepole, mmoja, halafu wa pili. Akatazama pipa. Akatazama cheti chake ukutani. "Wale wanne?"

"Sijui wote. Nadhani ndiyo."

"Nilikuwa nawaambia wanawe mara mbili," akasema. "Sista, mimi nilikuwa nawaambia mara mbili."

Nilitaka kumshika bega, nikakumbuka mikono yangu, nikairudisha. Akalikumbatia pipa likiwa limejaa vile, akaanza kulivuta mwenyewe kupita mlango wa nyuma. Tulimsaidia kulifikisha uani. Akaling'oa kifuniko, akalipindua.

Uani kulikuwa na akina mama wa kliniki wakingoja, wengine wametoka mbali na kiangazi kilikuwa kimetubana. Mmoja akasimama akapiga ukelele, "Mama! Unamwaga maji? Hata huoni haya?" Mama Mulwa akazidi kulisukuma pipa. Maji yakatoka, mengi, yakafika kwenye viatu vyake. Mwishoni yakatoka mazito, yenye utelezi wa kijivu, kama yale ya chini ya chungu cha mtu mvivu. Akaingiza mkono, akapapasa sakafu ya pipa, akautoa akaunusa. Kisha akainama akatapika.

Alilisugua kwa waya na klorini tuliyoazima maabara kuanzia saa saba mpaka saa kumi. Nilimwambia inatosha, tutanunua lingine. Akasema, "Niache."

Ndolo alirudi saa kumi kasorobo akiwa na chupa nne ndani ya boksi la barafu. Mtoto alikuwa amesahau kupumua mara kumi na moja tangu adhuhuri. Nilijimiminia maji ya chupa mikononi, nikajipaka spiriti, nikamwekea dawa. Hakuna kilichotokea, maana dawa haifanyi kama wanavyoonyesha kwenye televisheni. Tulikaa. Tulipiga wayo. Asubuhi alikuwa amesahau mara mbili tu. Siku ya pili tumbo lililegea. Siku ya tatu Kaluki alimweka kwenye ziwa, kujaribu tu, na nikasikia ile sauti ya kuvuta. Nilitoka nje nikalia waziwazi, kila mtu akiona.

Daktari Nyamai, alipopata ripoti ya Hani, aliandika barua ya kumfuta Mama Mulwa kazi. Niliisoma nikammwagia maneno. Nikamwambia aweke jina langu kwanza, kwa sababu niliyempa cheti ni mimi, na la pili liwe lake, kwa sababu tuliomba klorini na tangi la kweli tangu mwezi wa pili na barua zote ziko kwenye faili langu, nakala tatu tatu. Halafu alete waandishi wa habari. Barua ile haikutoka ofisini.

Mama Mulwa alinirudishia cheti, amekifunga kwa gazeti. Nikamuuliza na thamosi je. "Thamosi sirudishi," akasema. "Inashika joto." Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka mwezi ule.

Siku Kaluki alipopewa ruhusa ya kwenda nyumbani, alimtafuta Mama Mulwa kwenye stoo ya mifagio, mtoto kifuani. Nilikuwa nyuma ya mlango nikipanga shuka, na nakiri nilikaa kusikiliza.

"Mwaitu, twende nikuonyeshe kwa baba yake. Ajue Kathini ni nani," Kaluki alisema. Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama kwa heshima.

"Keti kwanza," Mama Mulwa akasema. "Keti nikuambie kitu, halafu ndiyo umpe jina."

Akamwambia yote. Hakujitetea. Hakumtaja nyanya yake, wala mto, wala mimi, wala klorini. Alisema, "Maji yaliyomfanya mtoto wako augue niliyaweka mimi. Na wale wanne." Kisha nikamwona Kaluki anapita mbele yangu, amemfunika mtoto kichwa, anatembea haraka. Hakuaga mtu.

Mama Mulwa alitoka baadaye na deki, akaanza upande wa dirishani kama kawaida.

Tangu hapo kila asubuhi, kabla ya zamu kuanza, analimwaga pipa lote, anasugua, anaweka maji mapya. Kilichobaki hawapi mbuzi, wala haoshei sakafu. Anakimwaga chini mbele ya macho ya watu wenye kiu, na kila siku kuna anayemgombeza, na kila siku ananyamaza. Mimi husimama naye nikiweza. Haizoei. Namwona shingo inavyokaza.

Wiki sita zilipita. Alhamisi moja ya kliniki nikamwona Kaluki kwenye mlango wa wodi, amemfunga mtoto kwa leso mpya. Alikuwa amenona, mtoto nasema, mashavu yananing'inia. Kadi yake ya kliniki ilikuwa imeandikwa jina la Nduku. Mama Mulwa aliiona kadi ile. Akashika fimbo ya deki kwa mikono miwili, akarudi nyuma hatua tatu, pale pale alipozoea kusimama.

Kaluki hakunisalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye pipa, akafunua kifuniko, akachungulia ndani mpaka chini.

"Mmemwaga lini?"

"Leo asubuhi," Mama Mulwa akasema.

Kaluki alifunga kifuniko. Akafungua mfereji, akanawa mikono taratibu, kidole kimoja kimoja, akaipunga ikauke. Kisha akafungua leso, akamtoa mtoto, akamshika mbele yake kwa mikono yote miwili.

"Njoo umbebe," akasema. "Lakini nawa kwanza, mwaitu."